Usimpige, Mpokee

1

Mbu wa Bi Mwanatumu alitua juu ya mkono wangu wa kushoto kabla sijampa mumewe pole. Nilijua ni wake kwa sababu mtungi wake ulikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mkeka nilioketi. Miguu ya mbu huyo ilikuwa na madoa meupe, kama soksi za watoto wa shule. Wote waliokuwa pale msibani walimwona, na hakuna aliyemfukuza. Mama mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu alitabasamu.

"Bi Mwanatumu anakukaribisha, Bibi Afya," alisema.

Miaka kumi nilikuwa nimeishi na adabu hiyo, na ni mimi niliyeitunga. Mimi ndiye niliyezunguka mji mzima wa Mkwaja Mpya, nyumba kwa nyumba, na bango lililoandikwa kwa herufi kubwa: USIMPIGE, MPOKEE. Lakini siku ile nilimpuliza yule mbu kwa mdomo, taratibu, mpaka akaruka. Mama wa vitunguu aliacha kutabasamu.

Mume wa Bi Mwanatumu, Mzee Kibwana Mchande, alikuwa ameegemea ukuta, kofia mkononi. Asubuhi ile alikuwa amemzika mjukuu wake Sefu, mtoto wa miaka tisa, wa tatu kufa mjini kwetu mwezi ule.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Mbu." Ndivyo alivyoniita tangu siku niliyomletea mtungi, na kila mara alicheka. Safari hii utani ulimtoka kwa mazoea tu.

"Nimekuja na neno zito. Naona haya kulisema mbele za watu."

"Hapa hakuna watu, kuna wafiwa. Sema."

Nikasema. Homa iliyomuua Sefu ni kidingapopo kipya, kidinga cha tano. Kimejificha ndani ya mitungi. Mtungi wa Bi Mwanatumu lazima uvunjwe leo hii, na vigae vyake vichomwe kwenye tanuri la chokaa.

Mzee aliweka kofia chini.

"Unaniambia mke wangu ndiye aliyemuua mjukuu wake."

"Si yeye, Mzee. Ni mbu."

"Uliponiletea mtungi hukuniambia ni mbu. Uliniambia ni yeye."

Yale maneno nilikuwa nimeyasema kweli, tena kwa sauti tamu, nikiwa nimevaa kanga zangu mpya.

"Kuvunja nitavunja," alisema mwishowe. "Mtoto amekufa, sina ubishi nawe. Lakini moto, hapana. Jina la Mwanatumu limeandikwa pale. Nimtupe motoni kwa mkono wangu mwenyewe? Vigae vitakwenda kaburini kwake, nivipange juu, kama wazee wetu walivyopanga sahani na mabakuli."

"Hayo ndiyo maneno," waliitikia waliokuwa karibu.

Amri iliyotoka juu ilisema moto, na haikuwa na nukta wala mkato mwingine. Lakini nyumba zote zilikuwa zikimtazama Mzee Kibwana. Akikubali yeye, mji mzima ungekubali, na akikataa, ningebaki na mitungi mia tatu na watu wenye mapanga mlangoni.

"Mayai ya mbu hawa yakikaa nje ya maji siku saba, hufa," nilisema. "Ndivyo yalivyotengenezwa."

"Basi?"

"Basi, kaburini."

Akainuka, akaomba mchi wa kutwangia, akaupiga mtungi wa mkewe pigo moja. Maji yalitapakaa mpaka kwenye mkeka. Wanawake wakalia upya, kilio kilekile walichomlilia miaka kumi iliyopita.

2

Huenda atakayesoma haya amezaliwa mahali ambapo watu wanapiga mbu. Basi nimweleze.

Bahari ilipoimeza Mkwaja ya zamani tulihamishiwa huku juu, kwenye nyumba za kuta nyeupe na mapaa yanayokunywa jua. Kila kitu kilihama nasi isipokuwa visima. Kila nyumba ikakinga maji ya mvua, na penye maji safi yaliyotulia ndipo mbu wa mchana anapotaga. Kidinga kikaja, cha kwanza mpaka cha nne, kwa zamu. Mwaka wa kidinga cha pili tulizika watu mpaka sanda zikaisha madukani. Binti yangu Shamsa alikuwa mmoja wao. Aliniachia Tunu, mtoto wa miezi mitano.

Ikaja Taasisi ya Mbu wa Heri, na kinga isiyohitaji sindano. Walikuwa wamemtengeneza mbu ambaye mate yake ndiyo chanjo. Anakuuma, anakunywa tone lake, anakuachia kinga ya vidinga vyote vinne. Sharti lilikuwa azaliane karibu na watu, na watu wasimuue. Hapo wakamhitaji mtu kama mimi, bibi afya anayejua desturi za wenyeji. Kwetu mtu akifa, nduguze humwekea sadaka ya maji, mtungi barazani, mpita njia anywe na thawabu zimfikie marehemu. Nikawaambia mabwana wale: wekeni mtungi wa pili kando ya ule wa kunywa, mtie mayai yenu humo, muandike jina la marehemu. Mbu watakaotoka wawe ndiyo sadaka yake, awakinge majirani hali yuko kaburini. Walinipigia makofi.

Kidinga kikakatika miaka kumi. Ukimpiga mbu mbele za watu, ilikuwa sawa na kutukana kaburi.

Tunu hakumjua mama yake kwa njia nyingine. Kila asubuhi kabla ya shule alikaa kando ya mtungi wa Shamsa, akaweka mkono juu ya goti, akatulia. Akishaumwa alisema, "Asante, mama," akachukua begi lake akaenda. Nilikuwa nikimwangalia kutoka jikoni na kuona ni jambo zuri. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoyafanya.

Kidinga cha tano kilipoingia, Dokta Nyaulingo wa Taasisi alinieleza kupitia kioo cha mawasiliano cha ukutani. Kinga iliyomo kwenye damu yetu, alisema, ni askari waliofundishwa kuwapiga maadui wanne. Wakimkuta huyu wa tano wanamkamata, lakini silaha zao hazimuui. Wanabaki wamemshika mkono tu. Na milango ya mwili, kwa kuwa inawajua askari wake, inafunguka, na adui anaingia akisindikizwa na walinzi wenyewe. Ambaye hajawahi kuumwa na mbu wa heri atapata homa ya siku tatu kisha apone. Aliyeumwa mara nyingi huvuja damu siku ya nne, na siku ya sita mnamzika. Kirusi kilikuwa kimeshawaingia mbu wa heri wenyewe, kinapita kutoka kwa mama mpaka kwenye yai. Si mitungi yote iliyokuwa nacho, ila hakuna aliyejua ni ipi.

"Na mtoto aliyeumwa kila siku kwa miaka kumi?" niliuliza.

Dokta aliinama, akajifanya anapanga vitu mezani.

"Huyo asiumwe hata mara moja, Bi Zawena."

3

Mitungi mia tatu na kumi na miwili ilivunjwa ndani ya siku tano. Hapakuwa na panga wala tusi. Watu walibeba vigae kwenye sinia, wamevifunika vitambaa vyeupe, wakaenda makaburini wakisoma dua. Kila familia ilipanga vyake juu ya kaburi lake, migongo chini ili jina lililochorwa ndani ya mdomo wa mtungi lisomeke. Nilisimama pale getini nikiwashukuru mmoja mmoja.

Wa Shamsa niliuvunja mwenyewe. Tunu hakulia.

"Sasa mama atanijia vipi?" aliniuliza.

"Kwa dua, mjukuu wangu."

"Dua haiumi, Bibi. Nitajuaje kwamba amefika?"

Nilimwambia akanawe mikono tule.

Dokta Nyaulingo alifurahi kupita kiasi. Akaipa ile hila yangu jina, Njia ya Mkwaja, akaipeleka kwenye miji sitini mingine ya pwani yenye mitungi kama yetu. Watu walivunja, vigae vikaenda makaburini, vifo vikapungua. Nilitumiwa salamu za pongezi kutoka miji ambayo sijaiona.

Sasa niseme lile ambalo sikumwambia mtu. Miaka miwili kabla, kina Makame walisafiri mwezi mzima wa kaskazi, mtungi wao ukakauka ukawa mkavu kama chungu cha kukaangia. Waliporudi wakautia maji, na kesho yake nikaukuta una viluwiluwi. Nikajiambia mbu wa jirani wametaga humo. Lakini yai jipya halianguliwi kwa siku moja, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa afya analijua hilo. Mayai yale yalikuwa yamesubiri mwezi mzima bila tone la maji. Maana yake ni kwamba mbu wetu wa heri walikuwa wameshaoana na mbu wa porini, na watoto wao wamerithi ugumu wa huko. Kuandika hivyo kungeufunga mradi, na mradi ulikuwa ndio mimi. Nikafunga daftari. Na siku nilipomwambia Mzee Kibwana habari ya siku saba, mtungi wa Makame ulinipita akilini, nikausukuma pembeni.

Kulikuwa na jambo la pili. Kigae kimoja cha Shamsa, chenye herufi tatu za mwanzo za jina lake, sikukipeleka. Nilikiviringisha kwenye kanga yake nikakificha kabatini.

4

Siku ya thelathini na moja tangu tuvunje, upepo uligeuka na mawingu yakaanza kujikusanya upande wa bahari. Nilitoa kile kigae, nikakitia kwenye bakuli la maji, nikalifunika kwa chandarua. Nilijiambia nakiosha vumbi.

Asubuhi nilifunua. Viluwiluwi walikuwa wakipinda na kujinyoosha, wengi, wakipanda juu kuvuta pumzi na kushuka tena. Nilikaa sakafuni. Tunu alikuwa chumbani akisoma kwa sauti mashairi ya shule.

Dokta Nyaulingo aliwatazama kupitia kioo, akapangusa uso.

"Wamwage kwenye mafuta ya taa. Kigae kichome. Na unyamaze."

"Makaburini kuna mitungi mia tatu, Dokta. Vigae vimelala migongo chini, kila kimoja ni kibakuli. Mvua moja tu."

"Na miji sitini, Bi Zawena! Bado kuna watu hawajavunja. Wakisikia kwamba yai halifi, nani atavunja tena? Nani atatuamini? Nitatuma kikosi cha moto, kije kimyakimya. Nipe siku nne."

"Mawingu hayana siku nne."

"Nipe siku nne."

Nikampa. Ningependa kusema niliwafikiria watu wa miji sitini, lakini ukweli nilimfikiria Mzee Kibwana na uso wake. Kikosi kingekuja, kingechoma, ningejifanya sijui kitu. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na sitaki mtu anipunguzie.

Mvua ilinyesha siku ya pili. Ilianza alfajiri ikapiga mpaka adhuhuri, mvua nzuri, ya kwanza ya masika, ile ambayo watu hutoka nje kuipokea. Kikosi kilikwama njiani, daraja limekwenda na maji.

5

Siku ileile, baada ya sala ya alasiri, nilisimama mbele ya baraza la msikiti nikasema yote. Nilisema mayai hayakufa. Nilisema habari ya Makame na ya bakuli langu. Nikawaomba twende wote makaburini, wakati uleule, na magunia na mafuta ya taa. Tulikuwa na siku nane, pengine tisa, kabla viluwiluwi hawajaota mabawa.

Mzee Kibwana ndiye aliyesimama.

"Bi Zawena. Ulitwambia tuweke, tukaweka. Ulitwambia tusimpige, tukampokea, tukawafundisha na watoto. Ulitwambia tuvunje, tukavunja, na machozi yetu. Siku saba, ulisema. Kwenye msiba wa mjukuu wangu ulisema. Leo unatwambia tukawachome wafu wetu juu ya makaburi yao."

"Nilikosea, Mzee. Nilidanganya. Lakini leo nasema kweli."

"Tutaijuaje?" Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua hasa. "Ile ya kwanza uliisema kwa uso huohuo."

Niliwaonyesha bakuli. Kijana mmoja akasema viluwiluwi wapo kila bakuli masika. Mwingine akasema Taasisi inataka ardhi ya makaburi. Kabla jua halijatua, wanaume sita walikuwa wameketi getini na marungu, na zamu yao ikaendelea mchana na usiku. Nilijaribu mara mbili kupita na gunia. Mara ya kwanza walinirudisha kwa heshima. Mara ya pili walinichania gunia.

Nikarudi nyumbani, nikaziba madirisha kwa chandarua, nikamfungia Tunu ndani. Shule nikamkataza. Alikaa kitandani na vitabu vyake, akinitazama nilivyokuwa nikizunguka na kibiriti na dawa ya moshi.

"Kwani nimekosa nini, Bibi?"

"Hujakosa. Mimi ndiye niliyekosa."

"Basi mbona nimefungiwa mimi?"

Mchuma janga hula na wa kwao. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nikidhani wanaosemwa ni wezi.

6

Siku ya kumi na nne tangu mvua, Mzee Kibwana alikuja kwangu mwenyewe. Hakubisha hodi. Nilifungua mlango nikamkuta amesimama uani, kichwa wazi, miguu ina tope.

"Yule mdogo wake Sefu," alisema. "Fizi zinatoka damu. Na kwa jirani, wawili." Nyumba yao ilikuwa imepakana na ukuta wa makaburi. "Nimewaondoa vijana getini. Lete huo moto wako, mwanangu. Nitakubebea mafuta."

Najua tulikuwa tumechelewa. Waliotoka walikuwa wameshatoka. Lakini kulikuwa na mayai ambayo hayakupata mvua ya kwanza, na kulikuwa na mvua nyingine zinazokuja, na baada ya wiki mbili za kukataliwa moyo wangu uliruka kwa kitu kinachofanana na furaha. Niliingia mbio kuchukua magunia. Nikapita chumbani kumwambia Tunu asitoke.

Kitanda kilikuwa kitupu. Chandarua cha dirisha kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, vizuri, kwa mstari ulionyooka. Ilikuwa Alhamisi, siku ambayo watoto wa chuo cha Kurani hutoka pamoja kwenda kuzuru makaburi.

Sikumbuki njia. Nakumbuka madumu ya mafuta yakigongana nyuma yangu, na Mzee Kibwana akiniita. Watoto wengine walikuwa wameshaondoka. Tunu alikuwa peke yake, amechuchumaa kando ya kaburi la Shamsa, amenipa mgongo. Kila kigae kilikuwa na maji yake, na juu ya maji kulikuwa na maganda meupe ya viluwiluwi waliokwisha kuota mabawa. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa juu ya goti. Alikuwa ametulia vile nilivyowafundisha wote.

"Tunu!"

Aligeuza kichwa tu, mkono hakuutikisa. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ambayo sikuiona tangu tuvunje mtungi.

"Polepole, Bibi," alinong'ona. "Amenijia."

Nikapiga. Nilipiga kwa nguvu zangu zote juu ya mkono ule mwembamba, na mlio wake ukasikika mpaka getini, kwa maana Mzee Kibwana alisimama palepale. Katika maisha yake yote Tunu hakuwahi kumwona mtu akimuua mbu. Alitazama mkono wake, kisha akatazama kiganja changu.

"Bibi," alisema. "Umemuua mama."

Nilifungua kiganja. Nilikuwa naomba kiwe kikavu. Katikati palikuwa na damu mbichi, tone zima, na miguu miwili yenye madoa meupe.

"Si mama," nilisema. "Tunu, nisikilize. Si mama, hakuwa mama hata siku moja. Ni mimi niliyesema."

Hakunisikia, au alinisikia akaona ni bora asiamini. Alilia kidogo, kwa adabu, kama mtu aliye makaburini. Kisha akajifuta kwa kanzu yake.

"Basi tumzike," alisema.

Nyuma yangu Mzee Kibwana alikuwa ameshaanza kumwaga mafuta ya taa juu ya kaburi la mkewe, akilitaja jina lake kila hatua. Nilipiga magoti kwenye tope. Nikachimba kwa kidole kishimo kidogo kando ya kichwa cha Shamsa, na Tunu akaushika mkono wangu, akaukung'utia humo taratibu, akaanza kufukia kwa vidole vyake. Tulipokuwa tumeinama hivyo, wengine wakatua. Mmoja shingoni mwake, mmoja nyuma ya sikio, wawili kwenye mkono uleule. Nilipiga, nikapiga, na sikuwa na mikono ya kutosha.